Kilo Mbili Zisizo za Kupongezwa

Ndugu msomaji, katika jamii yetu mtu akiongezeka mwili hupongezwa. Huambiwa amenawiri, na mwenyewe hufurahi. Lakini iwapo nyumbani kwako yumo mgonjwa wa moyo, nakuomba uziogope kilo zinazokuja upesi. Mgonjwa wa namna hiyo akiongezeka zaidi ya kilo mbili katika muda wa siku tatu, aghalabu hajanenepa. Ni maji yanayojaa mwilini, na yafaa apelekwe kwa tabibu kabla hajaanza kutweta.

Hayo tulifundishwa na muuguzi siku mama yetu mkubwa aliporuhusiwa kutoka wodini. Tulikuwa tumeambiwa kwamba moyo wake umeshindwa kufanya kazi, maneno yaliyotutisha sote, kwani tulidhani moyo u karibu kusimama. Muuguzi akatueleza kuwa sivyo. Kwa miaka mingi shinikizo la damu, ambalo sisi twaliita presha, lilikuwa limeulazimisha moyo kusukuma damu kwa nguvu kupita kiasi, nao hatimaye ukadhoofika. Moyo ulio dhaifu haumudu kuisukuma damu ipasavyo, hivyo maji hujikusanya mapafuni na miguuni. Ndiyo sababu mama mkubwa alikuwa akilalia mito mitatu na kushtuka usiku wa manane akitafuta pumzi, na ukimbonyeza mguu kwa kidole gumba, shimo lilibaki. Majirani walikwisha kuamua kuwa ni pumu. Wengine walitaja mambo ambayo sina haja ya kuyaandika hapa.

Wala si yeye peke yake. Utafiti uliofanywa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 uliwahusu wagonjwa 427 wa maradhi haya. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na chanzo kilichoongoza kilikuwa presha. Mtu wa umri huo, ndugu msomaji, mara nyingi bado anasomesha watoto.

Wodini mgonjwa huangaliwa usiku na mchana. Nyumbani je? Katika nyumba nyingi kazi hiyo humwangukia binti mmoja, na ndugu zake wa kiume hujiona wametimiza wajibu wakishatoa nauli. Kwetu tuliigawana, nami nikapewa mzani na daftari. Kila asubuhi, baada ya haja ndogo na kabla ya chai, mama mkubwa hupanda mzani akiwa amejifunga khanga tu, nami naandika.

Wiki moja daftari lilisoma 58 siku ya Jumatatu, 59 na nusu siku ya Jumatano, na Alhamisi 60 na nusu. Usoni alipendeza, na jirani alimsifu. Tulipomdadisi ikabainika kwamba magoti yalikuwa yakimuuma, akanunuliwa diklofenaki katika duka la dawa. Vidonge vya jamii hiyo, ibuprofeni ikiwamo, huufanya mwili uzuie chumvi na maji, na huweza kudhuru figo. Kwa mgonjwa wa moyo ni hatari kubwa. Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Daktari alimkataza vidonge hivyo, akamwongezea dawa ya kupunguza maji kwa siku chache, na uzito ukarudi chini. Muuza duka hakuwa ameuliza lolote.

Vita vyetu vikubwa, hata hivyo, vilikuwa jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote vya siku hiyo. Hesabu hiyo hujumlisha chumvi ya ng'onda na ya vile vidonge vya kukolezea mchuzi. Magadi tunayolainishia maharage nayo yana madini yale yale ya chumvi. Mama mkubwa alisusa siku mbili, akisema chakula cha hospitali amekiacha hospitali. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu ndivyo vilivyotupatanisha.

Kuhusu dawa, mgonjwa hudhani presha ikishuka amepona, kumbe imeshuka kwa sababu anameza. Kuacha bila idhini ya daktari ndiko kunakowarudisha wengi wodini. Na ile dawa ya kupunguza maji hunywewa asubuhi ili mgonjwa asisumbuke usiku. Tatizo ni siku ya kliniki. Mama mkubwa alikuwa akiiruka siku hiyo, kwa kuwa ndani ya daladala hakuna choo, na mtu wa makamo yake kuomba ateremshwe njiani ni fedheha. Alimweleza muuguzi kwa kunong'ona. Muuguzi hakumkaripia, alimruhusu, siku hiyo tu, ainywe mara arudipo nyumbani adhuhuri, na tangu hapo hajairuka tena.