Plastiki Inashika Rangi, Ukiisoma Kwanza

Leo naziweka programu kando nizungumzie kopo la rangi. Msikimbie, hii nayo ni teknolojia.

Binamu yangu anaendesha bodaboda kati ya Msambweni na Ukunda. Jua na chumvi ya bahari vimeila rangi nyekundu ya madigadi na vifuniko vya ubavuni mpaka piki piki ikaonekana imezeeka kuliko umri wake. Alimlipa fundi mara mbili, na mara zote mbili rangi ilibambuka kama ngozi ya nyoka kabla mwezi haujaisha. Fundi akamwambia plastiki haishiki rangi, anunue vifuniko vipya. Kwa mtu anayelipa mkopo wa piki piki kila wiki, hilo si jambo dogo. Na abiria wa Diani huchagua kwa macho.

Nikamwambia, "Kaka, hebu vifungue tutazame nyuma yake."

Nyuma ya plastiki nyingi kuna herufi zilizopigwa chapa kiwandani. Kwenye vifuniko tulikuta ABS, kwenye digadi PP. ABS hupokea rangi bila taabu. PP, yaani polipropilini, ina uso unaokataa kushikwa: mwagia maji uone yanavyojikusanya matone na kuteleza kama juu ya jani la mgomba. Rangi nayo hufanyiwa vivyo hivyo. Kwa hiyo inahitaji kitu cha kati, kama vile printa inavyohitaji draiva ndipo isikizane na kompyuta. Kitu hicho ni praima ya plastiki, na maduka ya rangi za magari huiuza.

Tulifanya hivi:

1. Kuosha kwa sabuni na maji yasiyo na chumvi. Kisima kilicho karibu na bahari kisikudanganye; maji ya mvua ni bora.
2. Kusugua kwa msasa namba 400, kisha 600, hadi mng'ao wote uishe.
3. Kufuta kwa spiriti. Thina kali huyeyusha ABS.
4. Kupuliza praima ya plastiki, tabaka jepesi.
5. Rangi tabaka tatu nyembamba, dakika 10 hadi 15 kati yake, halafu vanishi ya kuzuia miale ya jua.

Chagueni siku kavu pia. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama wakati wa masika, maji hutua juu ya rangi mbichi ikafanya ukungu mweupe. Na tulirudia nyekundu ile ile kwa makusudi, maana logbuku huandika rangi ya chombo. Ukiibadilisha, una shughuli na NTSA.

Sasa ni mwezi wa nane na rangi haijabambuka. Vifuniko vipya havikununuliwa.

Kuna jambo moja bado linanikereketa. Weupe wa rangi nyingi duniani, pamoja na uwezo wake wa kufunika kilicho chini, hutokana na titani dioksidi, ambayo hutengenezwa kwa madini kama ilmenaiti na rutile. Madini hayo yalichimbwa hapa hapa Kwale na kampuni ya Base Titanium. Shehena ya kwanza iliondoka Likoni Februari 2014, na uchimbaji ukakoma Desemba 2024. Zaidi ya miaka kumi mchanga wetu ulipanda meli, nasi tukanunua makopo yaliyoandikwa majina ya nchi za watu.

Mgodi umefungwa, mchanga hauwezi kurudi. Lakini ujuzi wa kusoma herufi mbili nyuma ya digadi hauhitaji meli. Binamu yangu ameshawaonyesha wenzake wawili pale stejini, na mmoja kaanza kuwapulizia wengine kwa malipo.

Haya, kwa leo naishia hapo. Geuza plastiki yako usome.