Kitabu cha Kwanza cha Mvinyo

Mwaka 1998 nilipoanza kuhudumu katika mgahawa wa hoteli moja jijini Dar es Salaam, nilijua mvinyo wa aina mbili tu: mwekundu na mweupe. Orodha ya hoteli ilikuwa na majina yapata arobaini, mengi ya Afrika Kusini, na meneja alitaka tuyauze kana kwamba tumezaliwa Stellenbosch. Mafunzo hayakuwepo. Tulipewa kifungulio cha chupa na kitambaa cheupe cha kuning'iniza mkononi, basi.

Siku moja mgeni alisahau kitabu chumbani, hakurudi kukifuata, kikaishia kwangu. Kilikuwa The World Atlas of Wine cha Hugh Johnson, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1971: kizito kama tofali, kimejaa ramani za mabonde na vijiji vya Ufaransa, Italia na Ujerumani. Mama alipokikuta mezani aliuliza, "Mwanangu, kitabu chote hiki cha pombe?" Nikamjibu ni cha jiografia. Sikuwa nimedanganya sana.

Nilikikariri kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha. Nikajua kwamba mwaka 1855 mivinyo ya Bordeaux ilipangwa kwa madaraja, na kwamba mmojawapo, Mouton Rothschild, ulisubiri hadi 1973 ndipo ukapandishwa daraja la kwanza. Nikajiona mtaalamu.

Jumamosi moja usiku wakaingia mzee na mkewe, wakaagiza kamba wa nazi. "Kijana, hapo utatupa mvinyo gani?" Nikafungua mdomo, ikatoka historia ya Bordeaux yote, daraja kwa daraja. Yule mama alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Ahsante, mwanangu. Sasa huo unaotuuzia ni mkali au ni laini?" Sikuwa na jibu. Wakaagiza bia.

Kitabu cha pili nilikinunua miaka minne baadaye kwa wauza vitabu vya mitumba kando ya Samora Avenue. Kiliandikwa na Kevin Zraly, aliyekuwa akifundisha mvinyo katika mgahawa wa Windows on the World, kileleni mwa jengo la World Trade Center, New York. Kilitoka mwaka 1985. Nilipokipata mimi, mgahawa wenyewe ulikuwa umeshateketea katika shambulio la Septemba 11. Kimepangwa kama darasa, kwa maswali na majibu, na kila somo linakutaka umimine, uonje, ulinganishe. Basi baada ya kufunga mgahawa nikawa nachukua mabaki ya chupa mbili, naweka glasi mbili sambamba, naonja na kutema.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mambo mengi nilikuwa nayajua tangu utotoni. Kitabu kilieleza tanini, kitu kilichomo kwenye maganda na mbegu za zabibu, kinachokausha mdomo. Nikaonja, nikacheka peke yangu: huu si ukakasi? Ukakasi wa bibo la korosho, wa zambarau changa, wa chai ya rangi iliyolala na majani yake. Uchachu nao ulikuwa wa embe mbichi, ule unaojaza mate kabla hujameza. Kuhusu mvinyo mzito na mwepesi, kwetu nani asiyejua tofauti ya tui la kwanza na tui la pili?

Harufu ndizo zilizonisumbua. Vitabu vilitaja matunda ya nchi za baridi ambayo sijawahi kuyashika. Nikaanza daftari langu: kwa Sauvignon Blanc nikaandika pasheni na majani mabichi; kwa Cabernet Sauvignon, pilipili hoho. Wageni wa hapa nyumbani walinielewa mara moja, na wa Ulaya walifurahi kusikia lugha mpya.

Baadaye nilikwenda Dodoma kuona mashamba ya zabibu, nikaonja Makutupora, zabibu nyekundu ya kule. Vitabu vyangu vyote vilizungumzia mzabibu unaolala wakati wa baridi na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Unavunwa mara mbili. Hakuna kitabu kilichonitayarisha kwa hilo, lakini glasi nilijua kuisoma, na ukakasi ni ukakasi popote.

Siku hizi ni mimi ninayewafundisha vijana wanaoanza kazi. Wengi wana Wine Folly, kitabu cha mwaka 2015 chenye michoro na rangi nyingi, ambacho kijana anakielewa akiwa kwenye daladala. Sikidharau hata kidogo. Ningekuwa nacho 1998, wale wazee wasingekunywa bia. Atlasi ya Johnson bado ninayo, na ninaipenda kuliko vyote, ila simpi anayeanza. Ramani humfaa mtu aliyekwisha kuonja, anapotaka kujua alichoonja kimetoka wapi.

Kwa hiyo ukienda kununua kitabu chako cha kwanza, usihangaike na unene wala jina la mwandishi. Fungua sura ya kwanza. Ikianza na Ufaransa, kirudishe kwenye rafu. Ikianza na ulimi wako, kilipie.