Andiko Moja, Kurasa Nyingi: Kufundisha Kanuni za Kompyuta kwa Somo la Chai

Mwalimu anapotayarisha nukuu za somo hufanya kazi mbili. Kwanza huandika maarifa yenyewe. Pili huyapanga, akiweka kichwa cha habari na kutenga orodha. Ukurasa wa tovuti nao umejengwa hivyo. Ndani yake mna maandishi, pamoja na alama za HTML zilizofungwa katika mabano ya pembe, ambazo hukiarifu kivinjari kwamba hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha. Endapo kazi hizi mbili zitafanywa pamoja kwa mkono, kosa moja la somo litalazimu kila ukurasa usahihishwe peke yake. Na ule utakaosahauliwa ndio mtoto atakaousoma.

Njia iliyo bora ni kuandika nukuu katika faili la maandishi matupu, kisha kuiachia skripti, yaani programu fupi ya maagizo, kazi ya kutia alama. Mwaka 2004 John Gruber wa Marekani alitoa Markdown, programu ya namna hiyo iliyoandikwa kwa Perl, lugha ambayo Larry Wall aliitoa mwaka 1987. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, nayo hupokea maandishi yenye alama nyepesi na kuyageuza kuwa HTML.

Huko Lupembe, mkoani Njombe, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tulilifundisha jambo hili bila kompyuta. Tuliandika ubaoni mstari wa kwanza, "Utengenezaji wa chai nyeusi", tukautanguliza kwa alama ya reli. Chini yake tuliorodhesha hatua tano, kila moja ikianza na kistari: kunyausha, kusaga, kukausha, kuchachusha, kuchambua. Kundi la kwanza la wanafunzi lilipewa kanuni moja tu: mstari wenye reli, ondoa reli, weka alama ya h1 mwanzoni na ya kuufunga mwishoni. Kundi la pili lilitia alama ya li penye vistari. Kundi la tatu liliizungushia orodha nzima alama ya ul.

Makundi yalitii bila kuuliza, kama mashine itiivyo. Ndipo watoto, waliokulia kando ya mashamba ya chai, wakapinga: majani huchachushwa kabla ya kukaushwa! Tulikuwa tumezigeuza hatua hizo kwa makusudi. Tulisahihisha andiko la ubaoni, makundi yakarudia kazi, na ukurasa mpya ukatoka sahihi.

Kanuni nazo zina mpangilio wake. Katika Hisabati, tukiandika x<y, kivinjari chaweza kuidhania y kuwa alama ya HTML. Kwa hiyo skripti huibadilisha alama ya "ndogo kuliko" kuwa herufi lt, zikitanguliwa na alama ya & na kufuatwa na nuktamkato. Lakini ni lazima kwanza zibadilishwe alama za & zilizomo katika andiko. Tukianza na "ndogo kuliko", ile & mpya nayo itabadilishwa, na msomaji ataona herufi lt mahali pa alama.

Ndugu walimu wanafunzi, msingojee chumba cha kompyuta. Chagueni jambo ambalo watoto wa kijiji wanalijua barabara, liandikeni katika mistari michache, mgawe kanuni kwa makundi. Mtoto atajifunza kwamba mashine hufuata agizo hata pale andiko lilipokosewa, na kwamba kuhakiki ukweli wa andiko ni kazi ya mwandishi.