Maneno Makubwa ya Kiingereza Tuliyo Nayo Tayari



Tangu nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, hamu ya kujua Kiingereza imeongezeka miongoni mwenu, wala hatushangai. Anayevuka mpaka kwenda Kampala au Kigali kutafuta masomo au kazi hukutana nacho kwenye fomu, kwenye mikataba na kwenye vibao vya ofisi. Basi mnatujia na madaftari yenye orodha ndefu: upande wa kushoto neno la Kiingereza, upande wa kulia maana yake kwa Kifaransa, maneno 20 kwa siku. Madaftari hayo tumeyaona kwa miaka mingi ya ualimu. Ukurasa wa kwanza umechakaa kwa kufunuliwa; wa kumi ni safi kama siku daftari liliponunuliwa. Neno la orodha halina ndugu wala makao, ndiyo sababu halikai kichwani.

Tulipokuwa tukisomea ualimu, tulifundishwa kwamba kabla ya kumpa mwanafunzi jambo jipya tuulize kwanza anajua nini. Tuulize hivyo hapa. Kijana wa parokia zetu anajua nini kitakachomsaidia mbele ya maneno magumu ya Kiingereza?

Anajua Kiswahili, na Kiswahili kimemfundisha mizizi bila yeye kutambua. Hakuna aliyetufundisha kwa orodha kwamba somo, msomaji, msomi na kisomo ni ukoo mmoja. Tunasikia ndani yake mzizi uleule, -som-, na viambishi vikiuzunguka. Hata maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu yana ukoo wake: kitabu, katibu na maktaba yamejengwa juu ya konsonanti tatu zilezile, k, t na b, zenye wazo la kuandika. Basi desturi ya kutafuta mzizi tumezaliwa nayo. Tunaisahau tu tunapofungua kitabu cha lugha ya kigeni.

Anajua pia Kifaransa, na hapa ndipo tungependa mkae nasi kidogo. Mwaka 1066 mtawala wa Normandi aitwaye Guillaume alivuka bahari kutoka Ufaransa akaiteka Uingereza. Kwa muda mrefu baada ya hapo jumba la mfalme na mahakama vilitumia Kifaransa. Ilikuwa mwaka 1362 ndipo sheria ilipoagiza kesi zisemwe kwa Kiingereza. Wakati huo wote mkulima aliendelea na lugha yake. Ng'ombe malishoni ni « cow », neno la mchungaji. Nyama yake mezani ni « beef », ndugu wa « bœuf ». Kondoo akiwa hai ni « sheep », akifika sahanini ni « mutton ». Nguruwe naye ana majina mawili vivyo hivyo, « pig » na « pork ». Aliyefuga na aliyekula hawakusema lugha moja, na kamusi imetunza ushahidi wa jambo hilo hadi leo.

Karne zilizofuata wasomi wa Uingereza waliongeza maneno mengine waliyoyachota moja kwa moja katika Kilatini na Kigiriki. Matokeo yake ni kwamba zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo katika kamusi kubwa za Kiingereza yametoka Kifaransa au Kilatini, na sehemu hiyo huzidi kadiri maandishi yanavyokuwa ya kitaalamu. Jambo hili hupindua mambo kwa faida yenu. Mtoto wa London huliona « edifice » kuwa neno la vitabuni. Ninyi mmelisoma « édifice » tangu sekondari. Yanayowaogopesha wao ndiyo mliyo nayo.

Wakati mwingine ndugu hawa wamebadilisha sura, lakini kwa utaratibu. Ile kofia ndogo ambayo Kifaransa huivika irabu mara nyingi ni kaburi la « s » iliyokufa, ambayo Kiingereza kiliihifadhi: « forêt » na « forest », « hôpital » na « hospital », « tempête » na « tempest », « maître » na « master ». Neno la Kifaransa linaloanza kwa « é » mara nyingi huanza kwa « s » kwa Kiingereza: « état » na « state », « étranger » na « stranger », « épice » na « spice ». Na pale Kifaransa kinapoanza kwa « g », Kiingereza mara nyingine huanza kwa « w »: « guerre » ni « war », « gages » ni « wages », na yule Guillaume aliyevuka bahari Waingereza humwita William.

Wanakwaya kati yenu wana hazina nyingine. Missa Luba, iliyoimbwa kwa mara ya kwanza Kamina mwaka 1958, ilichukua milio na ngoma za kwetu lakini ikayaacha maneno katika Kilatini, na wengi wenu mmeyaimba maneno hayo bila kufikiri kwamba mnajifunza Kiingereza. « Credo » maana yake ninasadiki. Sasa tazameni ukoo wake: « credible » ni chenye kusadikika, « incredible » ni kisichosadikika, « credulous » ni mtu anayesadiki kila aambiwalo, « credentials » ni hati zinazomfanya mtu asadikiwe, na « credit » ni mkopo, kwa kuwa mkopeshaji anasadiki kwamba atalipwa. « Benedictus » ina mizizi miwili, wema na kusema; wa kwanza utaukuta katika « benefit » na « benevolent », wa pili katika « predict », kusema kabla, na « contradict », kusema kinyume. Hata jina la kazi yetu, katekista, limetoka katika neno la Kigiriki ambalo ndani yake imo sauti ileile iliyozaa « echo », yaani mwangwi. Tunawasihi waliochoka kusikia mafundisho yetu wasiitumie elimu hii dhidi yetu.

Lakini mzizi peke yake unaweza kumpotosha mtu, tena vibaya. Kijana mmoja tunayemfahamu alipata kazi nje ya nchi, kazi yenye mafunzo ya mwezi mmoja kabla ya kuanza. Alipewa mkataba wa Kiingereza akausoma mwenyewe, kwa makini. Palikuwa na sentensi hii: « The cost of the training will eventually be deducted from your wages, in ten equal parts. » Neno « deducted » halikumshinda, kwa maana aliliona « déduire » ndani yake. « Wages » aliijua. Na « eventually » aliiona kuwa rahisi kuliko yote, kwani ni « éventuellement » iliyovaa nguo nyingine: huenda, labda, ikilazimu. Akatia sahihi. Mwezi wa tatu mshahara ukakatwa, na wa nne pia. Akaamini kwamba anaibiwa, akagombana na mkuu wake, akaacha kazi, akarudi nyumbani na deni la nauli ambalo mama yake alilipa kwa kuuza cherehani.

Tuliusoma mkataba ule pamoja naye baadaye. Mzizi wa maneno hayo mawili kweli ni mmoja, neno la Kilatini lenye maana ya kutoka na kutokea. Kifaransa kimelielekeza kwenye jambo linaloweza kutokea. Kiingereza kimelielekeza kwenye jambo litakalotokea mwishowe. Asili ni moja, na maana zimeachana kabisa. Hatukumlaumu kijana, kwa sababu hata msomaji mzoefu hujikwaa hapo. Tulimwuliza tu swali moja: kuna nini kingine katika sentensi? Akaisoma tena, polepole, mara mbili. Kisha akaweka kidole juu ya « in ten equal parts ». Jambo la labda halihesabiwi katika mafungu 10 yaliyo sawa. Mwandishi aliyekwisha gawanya deni alikwisha amua kulidai. Muktadha ulikuwa umesema wazi, lakini macho yalipita juu yake kwa sababu neno la jirani lilionekana kufahamika.

Tangu hapo tunafundisha kwa mpangilio ambao baadhi yenu mnaulalamikia. Kamusi hukaa mezani imefungwa. Kwanza tunasoma sentensi nzima, na ile inayofuata, halafu tunakisia. Baadaye ndipo tunautafuta mzizi, ili upime ukisiaji wetu. Chukueni mfano huu tulioutunga kwa ajili ya kikundi: « She was reluctant to sing, she looked at the floor, and the choirmaster had to call her three times. » Macho yako chini, mwalimu wa kwaya anaita mara tatu. Kila mmoja katika kikundi alikisia kwamba dada huyo hakutaka kuimba, ingawa hakukataa. Ndipo tukaitazama « reluctant ». Ndani yake mna neno la Kilatini la kupigana mieleka, ambalo Kifaransa kimelihifadhi katika « lutte ». Basi mtu wa namna hiyo anashindana mieleka na jambo, moyo wake unasukuma nyuma. Hakuna kijana wa kikundi kile aliyelisahau neno hilo, wala hatukuhitaji kulirudia.

Maneno ambayo kwa hakika yatawasumbua ni yale mafupi, ambayo hakuna orodha ya maneno magumu inayoyataja. « Put off » ni kuahirisha, « put out » ni kuzima, « put up with » ni kuvumilia, na hakuna Kilatini wala Kifaransa kitakachowaokoa hapo. Haya ni maneno ya yule mchungaji wa ng'ombe, na hujifunzwa kama alivyojifunza yeye, kwa kuyasikia na kuyasoma mahali yanapoishi. Kijana aliyefaulu kusoma ripoti ya benki hushindwa kumwelewa muuza ndizi wa Kampala. Msione aibu, ndivyo lugha hiyo ilivyojengwa.

Waliokuwa na madaftari ya orodha hatuwaambii wayatupe. Geuzeni daftari: kila ukurasa uwe na mzizi mmoja juu, na chini yake muandike sentensi nzima mlimolikuta neno, pamoja na mahali mlipoisoma, iwe gazetini, katika fomu au kwenye karatasi ya dawa. Neno lisilo na sentensi lisiandikwe. Pale ambapo ndugu wa Kifaransa amekwenda njia nyingine, wekeni alama nyekundu. « Library » ni maktaba, wala si duka la vitabu kama « librairie ». « Deception » ni udanganyifu, ilhali « déception » ni kuvunjika moyo. « Actually » ni kwa kweli, si sasa hivi.

Kwa mkutano wa Jumamosi ijayo tunawaachia neno moja, « sanction ». Mzizi wake ni uleule wa « Sanctus », wenye wazo la kitu kilichotengwa na kulindwa kwa sheria. Sentensi ya kwanza: « The council sanctioned the new school, and building began in June. » Ya pili: « The council sanctioned the trader for selling spoiled flour. » Baraza lilifanya jambo moja katika sentensi zote mbili, au mambo mawili? Njooni na jibu, na mpigie mstari maneno yaliyowaonyesha. Kamusi zibaki nyumbani.