Mheshimiwa, taa itawaka lini?

Jumapili usiku MCA wetu alitutumia tena habari za mtaa. Picha tisa. Yeye akikata utepe, yeye na kina mama wa chama, yeye kwa matanga. Nilizisoma nikiwa stejini, kwa giza, juu taa ya pale ilizimika tangu Januari.

Hapo ndipo mdogo wangu aliporwa simu akitoka tuisheni. Sasa Mum humsubiri kila jioni. Hiyo haikuwa kwa picha.

Wasee, mimi niliacha chuo, lakini Katiba ya 2010 nimejisomea. Taa za barabarani, mitaro na takataka ni kazi ya kaunti. Kifungu cha 196 kinataka bunge la kaunti lifanye kazi yake wazi na lihusishe wananchi. Makadirio ya bajeti hufikishwa huko kufikia Aprili 30.

Miezi yote hiyo nimekuwa nikimwekea tu kidole gumba. Safari hii niliuliza: "Mheshimiwa, taa ya stejini itawaka lini?" Majirani kumi wakarudia swali.

Hajajibu. Sawa. Kikao cha bajeti tutaenda. Mum amesema atakaa mbele.