Uvimbe wa Shangazi na Uvimbe wa Jirani

Hebu nikuulize, msomaji. Umewahi kuketi matangani ukisikia watu wakinong'ona kwamba marehemu aliuawa na ushauri wako? Mimi nimewahi.

Mwaka 2019 shangazi yangu, aliyekuwa na umri wa miaka 41, aligundua kijivimbe kwenye titi la kushoto, kidogo kama haragwe. Ni mimi niliyemshawishi aende hospitalini, akadungwa sindano ya kutoa kinyama cha kupimwa. Miezi michache kabla ya hapo, jirani yetu mtaani Umoja, mama mwenye wajukuu, alikuwa amepatikana na maradhi hayo hayo, na uvimbe wake ulikuwa mkubwa kama ndimu. Wote wawili waliambiwa wako katika hatua ya pili. Wote walipasuliwa na wote wakapewa dawa zile kali za kung'oa nywele. Shangazi tulimzika baada ya miezi 18. Jirani bado huniuzia sukuma wiki.

"Saratani haichokozwi," baba mdogo alisema mbele ya watu. "Mlimdunga, ikaamka."

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni mfuko wa plastiki wenye karatasi za shangazi. Baada ya muda nikampelekea daktari mmoja wa maabara, mtu ambaye kazi yake ni kutazama vinyama hivyo kwa hadubini. Hakutazama ukurasa wa kwanza. Alikwenda moja kwa moja chini, kwenye mistari mitatu ambayo hakuna aliyetufafanulia: estrojeni hasi, projesteroni hasi, HER2 hasi.

Naam, msomaji, pale ndipo nilipofahamu kwamba saratani ya titi ni jina moja la maradhi kadhaa. Hatua hueleza uvimbe una ukubwa gani na umefika wapi. Haielezi tabia yake.

Saratani nyingi za matiti, kadiri ya saba katika kila kumi, zina vipokezi vya homoni. Vichukulie kama midomo ya kulia estrojeni, ile homoni ya kike. Mwaka 1896 mpasuaji wa Glasgow, George Beatson, alieleza jinsi uvimbe ulivyonywea baada ya yeye kuondoa ovari za mgonjwa, ingawa wakati huo hakuna aliyevijua vipokezi hivyo. Siku hizi si lazima mtu akatwe. Tembe ya tamoksifeni huiziba ile midomo. Hiyo ndiyo tembe aliyoagizwa jirani kumeza kila siku kwa miaka mitano. Uvimbe wake ulikuwa mkubwa, lakini ulikua polepole na ulikuwa na mlango wa kufungwa.

Aina nyingine imejaza protini ya HER2 juu ya chembe zake, mithili ya paa lenye antena 100, zote zikinasa habari moja tu: kua, kua. Zamani hii ilikuwa miongoni mwa aina mbaya kabisa. Kisha mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha trastuzumabu, dawa inayozikalia antena hizo, na aliyekuwa na karatasi ya kutisha akawa na matumaini. Uvimbe haukubadilika, ilipatikana dawa ya kuulenga. (Bei yake ni kisa kingine, na sitakianza hapa.)

Ya shangazi haikuwa na midomo wala antena. Wataalamu huiita hasi-tatu. Huwapata zaidi wanawake wenye umri mdogo na wenye asili ya Kiafrika, chembe zake hugawanyika upesi, na tembe za homoni haziigusi. Tegemeo kubwa lilikuwa zile dawa kali. Ajabu ni kwamba kuna wagonjwa ambao dawa hizo huufuta uvimbe wote hata kabla ya upasuaji. Wa shangazi haukufutika.

"Na ile sindano?" nilimuuliza daktari, sauti ikinikwama.

Alinitazama kwa mshangao. Sindano ya kupima, alisema, haigeuzi saratani kuwa kali. Ukali ule ulikuwamo tangu mwanzo, na bila ya sindano tusingejua tunapigana na nini.

Lakini usidhani jirani amepewa cheti cha kupona. Saratani ya homoni ina subira. Huweza kurudi baada ya miaka 10, hata 20. Hasi-tatu hatari yake kubwa iko katika miaka mitatu hadi mitano ya mwanzo, na anayevuka hapo hupumua. Nilipomwambia jirani hayo, alicheka, akasema ndiyo maana hakosi kliniki.

Desemba iliyopita nilimpelekea baba mdogo ile karatasi kijijini. Nikamwonyesha mistari mitatu kwa kidole. Aliisoma taratibu, miwani ikiwa puani, kisha akairudia. Nilingoja aniombe radhi. Badala yake aliuliza kama maradhi ya namna hiyo hufuata ukoo. Nikamweleza kwamba mara nyingine ndiyo, hasa yanapompata mtu angali mdogo kama shangazi, na kwamba kuna kipimo cha damu cha kutafuta hitilafu ya kurithi.

Alinyamaza kitambo. Shangazi aliacha mabinti wawili, wa miaka 19 na 22, na yeye ndiye anayewalea.

"Utawapeleka lini?" akauliza.