Kasuku wa Jirani, Kuku wa Mama

Jirani yangu hapa kusini mwa Uingereza ni mzee mstaafu anayefuga kasuku wadogo, wale wenye shingo ya rangi ya chungwa na mdomo mwekundu. Nilipowaona mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Asili yao ni kwetu, nyika za kaskazini mwa Tanzania, ingawa jina wamepewa la Mjerumani, Fischer. Hawa wake wamezaliwa vizimbani, na baridi ya huku wameizoea kuliko mimi.

Tarehe 17 Februari 2022 nilimkuta anafungua maturubai aliyoyazungushia kizimba tangu baridi ianze. Nikashangaa: dhoruba Eunice imeshatangazwa, naye anavua kinga? Akanieleza kwamba wavu hupitisha upepo, lakini turubai hugeuka tanga, na tanga huondoka na kizimba chote. Ndege aliwafungia katika kijumba chao cha mbao cha kulalia. Majira hayo kulikuwa pia na amri ya kuwatenga ndege wa kufugwa na wa porini kwa sababu ya mafua ya ndege, kwa hiyo tundu moja tu juu ya paa lingemtia matatani mara mbili.

Kesho yake, kwenye kisiwa cha Wight, upepo ulipimwa maili 122 kwa saa, karibu kilomita 196, rekodi ya England. Kizimba kilisimama. Lakini kilichokiokoa, nadhani, kilifanyika miezi kadhaa nyuma. Mwaloni uliokiinamia ni mti unaolindwa, haukatwi bila halmashauri kujua. Mzee alimwita fundi wa miti, akapanda kwa kamba, akaondoa matawi makavu. Malipo yake yangenunua kasuku wengine wengi.

Sasa twende Kibosho, kwetu Kilimanjaro. Kihambani kwetu mabanda hujengwa kwa mabanzi, juu bati, juu ya bati mawe. Upande wa kusini wa mlima ndio unaopata mvua nyingi, na ikifika Aprili udongo umeshiba maji hata mti mzima hushikilia kwa shida. Masika moja tawi la mgrivea lilishuka usiku juu ya banda la mama. Kuku watano walikufa papo hapo, waliotawanyika kicheche akajichagulia. Asubuhi majirani walikuja na pole, na kila mmoja akasema ni mipango ya Mungu. Tawi lile lilikuwa kavu kwa miaka miwili. Sote tulipita chini yake, mimi mwenyewe nilipokuwa likizo nikiwemo.

Nikampigia mama simu, nikajifanya mtaalamu: atafutwe mtu wa chenso, mti uangushwe. Akaniacha nimalize.

“Mwanangu, huo ni mpaka. Babu yako aliupanda. Na kahawa itakaa chini ya nini?”

Alikuwa sahihi, kuliko nilivyopenda. Mwaloni wa jirani kazi yake kubwa ni kupendeza. Mgrivea wetu, uliotoka Australia ukaja kuwa Mchaga, ni kivuli cha kahawa, kuni, mbao za mwaka wa shida na shahidi wa mpaka pamoja na masale. Hata kuukata kunahitaji kuanzia serikali ya kijiji. Ila kupogolea hakuhitaji safari hiyo, na Januari, kabla ya masika, kijana mwenye panga na kamba hulipwa nusu kwa pesa na nusu kwa kuni. Hilo tulikubaliana.

Banda nalo likahamishwa hadi katikati ya migomba, kwa sababu mgomba hata ukianguka ni maji matupu. Safari hii bati limefungwa kwa waya hadi kwenye nguzo, maana mawe nayo huua kuku yakiporomoka, na pande mbili zimeachwa wavu.

Jioni ya kwanza mitetea waliingia. Jogoo alikataa, akapanda mparachichi, na mama anasema mpaka leo hulala huko.